Bell, mvumbuzi wa simu aliyesaka kilichofichika kwa sikio

KILA jengo linapoporomoka na kuwafunika watu, hufika wakati ambapo kiongozi wa waokoaji huinua mkono na kuamuru kila mtu anyamaze. Tingatinga huzimwa, magari husimamishwa na umati ukaombwa kutulia. Wataalamu huweka vitambuzi juu ya zege iliyovunjika, wakavaa visikilizio masikioni na kutega iwapo chini ya kifusi kuna anayegonga, anayelia au anayekwaruza ukuta.

Wakenya wanaufahamu vyema ukimya huo. Ubalozi wa Marekani jijini Nairobi uliposhambuliwa kwa bomu mnamo Agosti 7, 1998, jengo jirani la Ufundi liliporomoka, na waokoaji, wakiwemo wanajeshi waliotoka Israeli, wakapekua vifusi mchana na usiku. Watu 213 waliangamia jijini humo. Aprili 29, 2016, jengo la makao liliporomoka mtaani Huruma usiku wa mvua kubwa na kuua takriban watu 50. Hata hivyo, mtoto mchanga alitolewa akiwa hai siku kadhaa baadaye, na siku ya sita watu wengine wanne wakapatikana wakipumua.

Vifaa vinavyotumiwa katika misako ya aina hiyo vina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo inapitia mikononi mwa mtu ambaye wengi humjua kwa jambo moja tu. Mtu huyo ni Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu. Wachache hukumbuka kwamba mwaka wa 1881 Bell aliitwa kusaka kitu kilichofichika ndani ya mwili wa rais aliyekuwa mahututi, na kwamba alishindwa. Namna alivyoshindwa ingali na mafunzo kwa kila mwokoaji.

Bell alizaliwa mnamo Machi 3, 1847, jijini Edinburgh, Scotland, katika familia iliyoishi kwa kazi ya sauti. Babu yake alifundisha ufasaha wa kuzungumza. Baba yake, Alexander Melville Bell, alibuni mfumo wa alama za maandishi ulioonyesha jinsi ulimi, midomo na koo vinavyotumika kutamka kila sauti ya binadamu.

Mamake, Eliza, alikuwa na ulemavu mkubwa wa kusikia. Watu wengine walizungumza naye kupitia kifaa chenye umbo la pembe alichokiweka sikioni. Kijana Bell aligundua njia yake mwenyewe: alikaribisha mdomo wake kwenye paji la uso la mamake na kunena kwa sauti nzito ya chini, naye mama akamwelewa. Hivyo, kabla hajatimiza umri wa kunyoa ndevu, Bell alikuwa amekwisha kujua kwamba sauti haipiti hewani pekee. Hupita pia katika mfupa, katika mbao na katika jiwe.

Akiwa kijana, yeye na kakaye Melville walitengeneza kichwa bandia chenye koo na midomo, wakakipuliza hewa hadi kikatoa sauti zilizofanana na za mtoto anayeita mamake. Furaha ya udugu huo haikudumu. Mdogo wao, Edward, alifariki kwa kifua kikuu mwaka wa 1867, na Melville akafuata kwa maradhi yayo hayo mwaka wa 1870. Wazazi, wakihofia kumpoteza mwana wa mwisho aliyesalia, waliuza mali yao wakahamia Brantford, mkoani Ontario nchini Canada, mwaka huohuo.

Mwaka wa 1871 Bell alienda Boston, Marekani, kuwafundisha watoto viziwi kutamka maneno. Mnamo 1873 aliteuliwa profesa katika Chuo Kikuu cha Boston. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwepo Mabel Hubbard, binti aliyepoteza uwezo wa kusikia akiwa na umri wa takriban miaka mitano kutokana na homa kali. Babake binti huyo, wakili Gardiner Hubbard, pamoja na mfanyabiashara Thomas Sanders, ambaye mwanawe pia alikuwa kiziwi, ndio waliofadhili majaribio ya Bell ya kupitisha sauti katika waya.

Wakati wa likizo ya mwaka wa 1874, Bell alifanya jaribio ambalo huenda likawatia watu kinyaa. Alipewa na daktari mmoja sikio la maiti, akalifunga kwenye fremu pamoja na unyasi mwembamba uliogusa kioo kilichopakwa masizi. Alipozungumza ndani ya sikio hilo, kiwambo chake kilitikisika na unyasi ukachora mawimbi ya sauti juu ya masizi. Alistaajabu kuona jinsi ngozi nyembamba vile ilivyoweza kusukuma mifupa iliyo mizito kuliko yenyewe. Akawaza kwamba, ikiwa ngozi hiyo huweza kusukuma mifupa, kiwambo kikubwa zaidi kingeweza kusukuma kipande cha chuma mbele ya sumaku.

Wazo hilo ndilo lililozaa simu. Mnamo Juni 2, 1875, msaidizi wake, Thomas Watson, alipokuwa akikwanyua ulimi wa chuma ulionata katika mtambo, Bell alisikia mlio wake ukifika chumba cha pili kupitia waya. Ombi la hataza liliwasilishwa Februari 14, 1876, siku ileile ambayo mvumbuzi mwingine, Elisha Gray, aliwasilisha hati yake kuhusu wazo lililokaribiana nalo. Bell alipewa hataza mnamo Machi 7, na siku tatu baadaye Watson akasikia wazi maneno ya Bell aliyekuwa akimwita kutoka chumba kingine.

Mwezi Juni mwaka huo, katika maonyesho makubwa jijini Philadelphia, Mfalme Pedro wa Pili wa Brazil aliweka kifaa hicho sikioni na kushangaa kusikia maneno. Kuanzia hapo jina la Bell lilienea. Kesi pia zilienea. Mamia ya mashauri yalifunguliwa kupinga hataza yake, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa upande wake mwaka wa 1888. Mjadala haujazimika kabisa; mnamo 2002 Bunge la Wawakilishi la nchi hiyo lilipitisha azimio la kutambua mchango wa Mwitaliano Antonio Meucci katika uvumbuzi wa simu.

Bell alimwoa Mabel mnamo Julai 11, 1877, siku chache baada ya kuanzishwa kwa kampuni ya simu. Zawadi yake ya harusi kwa mkewe ilikuwa takriban hisa zake zote katika kampuni hiyo. Yeye alijibakizia 10 pekee. Biashara haikumvutia. Alichotaka ni chumba cha majaribio.

Chumba hicho alikipata kwa fedha za tuzo. Mwaka wa 1880 Ufaransa ilimtunukia Tuzo ya Volta, iliyokuwa na faranga 50,000, naye akazitumia kuanzisha maabara jijini Washington. Humo, akishirikiana na Charles Sumner Tainter, alibuni kifaa kilichopeleka sauti kwa mwale wa mwanga badala ya waya. Mwaka huohuo kilisafirisha maneno umbali wa mita 213. Bell alikipenda mno hata inasemekana alitamani kumpa binti yake wa pili jina la kifaa hicho, lakini Mabel akakataa.

Hali ilikuwa hiyo pale habari za kuogofya zilipoikumba Washington mnamo Julai 2, 1881. Rais James Garfield, aliyekuwa madarakani kwa miezi minne tu, alipigwa risasi mbili katika kituo cha treni na mtu aliyeitwa Charles Guiteau. Risasi moja ilimparuza mkono. Ya pili iliingia mgongoni, upande wa kulia, ikatokomea mwilini.

Madaktari waliingiza vidole na vyuma visivyooshwa ndani ya jeraha wakiitafuta risasi hiyo. Eksirei haikuwa imegunduliwa. Ingekuja mwaka wa 1895. Kiongozi wa madaktari, Willard Bliss, aliamini kwa dhati kuwa risasi ilikuwa upande wa kulia, karibu na ini, na hakupenda kusikia rai tofauti.

Bell, akisoma magazetini jinsi rais alivyotomaswa, alijitolea kusaidia. Alijua kwamba David Hughes wa London alikuwa ametengeneza mtambo wa kutambua madini kwa kutumia koili za waya, naye mwenyewe alikuwa amewahi kuona jinsi chuma kinavyovuruga mkondo wa umeme ulio karibu. Katika mtambo wa namna hiyo, koili hupangwa kwa mizani hadi msikilizaji asisikie lolote katika simu aliyoiweka sikioni. Ukimya maana yake ni kwamba hakuna kitu. Koili zikipita juu ya kipande cha risasi, mizani huvurugika na mvumo ukasikika.

Kwa majuma kadhaa Bell na Tainter walifanya kazi karibu bila usingizi. Waliujaribu mtambo huo kwa askari wa zamani wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe ambao bado walikuwa na risasi miilini, nao ukazionyesha mahali zilipo. Mwanaastronomia Simon Newcomb alichangia mawazo. Matumaini yalikuwa makubwa.

Mnamo Julai 26 Bell aliingia katika chumba cha mgonjwa Ikuluni. Mtambo ulitoa mkwaruzo usioeleweka tangu mwanzo, na baadaye akagundua kwamba sehemu yake moja ilikuwa imeunganishwa visivyo. Alirejea Agosti 1 akiwa ameurekebisha. Safari hii alisikia mvumo hafifu, lakini ulitanda juu ya eneo pana kuliko ambavyo risasi moja ingeweza kutoa. Siku iliyofuata alipata habari kwamba chini ya godoro la rais kulikuwa na godoro jingine la nyaya za chuma.

Kwa miaka mingi imesimuliwa kuwa nyaya hizo ndizo zilizomponza Bell. Wanahistoria wangali wakibishana kuhusu uzito wake. Lisilobishaniwa ni jambo jingine: Bell aliruhusiwa kupima upande wa kulia tu, ule ambao Bliss aliuamini. Garfield alipofariki mnamo Septemba 19, 1881, na mwili wake kupasuliwa, risasi ilikutwa upande wa kushoto, nyuma ya kongosho. Uchafu ulioletwa na vidole vya matabibu ulikuwa umemdhuru kuliko risasi yenyewe.

Kwa ufupi, mtambo uliokuwa umefaulu kwa wengine ulielekezwa mahali pasipokuwa na kitu, na mwenye mamlaka akayachukua matokeo yake kama ushahidi kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Katikati ya dhiki hiyo, msiba uligonga mlango wa Bell mwenyewe. Mnamo Agosti 15 Mabel alijifungua mtoto wa kiume, Edward, kabla ya wakati. Kichanga huyo alishindwa kupumua, akafa baada ya saa chache. Bell hakuketi kuomboleza tu. Alibuni koti la chuma lililozingira kifua, likiunganishwa na pampu iliyovuta na kusukuma hewa ili kulazimisha mapafu kufanya kazi. Kwa kanuni yake, koti hilo lilitangulia mashine kubwa za kupumulia zilizookoa maelfu ya wagonjwa wa polio katika karne ya 20.

Wala hakuutupa msako wa risasi. Mwaka huohuo alikamilisha chombo sahili zaidi: sindano iliyounganishwa na simu. Ncha yake ilipogusa risasi ndani ya mwili, daktari alisikia mlio sikioni. Daktari John Girdner wa New York alikiendeleza chombo hicho, nacho kikatumika hadi eksirei ilipoenea. Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, kilimtunuku Bell shahada ya heshima ya udaktari wa tiba mwaka wa 1886.

Uhusiano wa kazi hizo na vifaa vinavyotumiwa leo katika majengo yaliyoporomoka si wa kulazimishwa. Katika simu aliyoionyesha Philadelphia, sauti ilitikisa kiwambo, chuma kikasogea mbele ya sumaku, na mkondo mdogo wa umeme ukazaliwa katika waya, kwa kufuata kanuni iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka wa 1831. Vitambuzi vingi vya mitetemo ya ardhi hufanya kazi kwa kanuni iyo hiyo: koili na sumaku husogeleana mtetemo unapopita, na umeme unaotokea hukuzwa hadi usikike.

Mwokoaji hutandaza vitambuzi kadhaa juu ya kifusi, kisha hulinganisha ni kipi kinacholeta mlio wenye nguvu zaidi. Huvihamisha hatua kwa hatua kuelekea huko, kama mtu anayefuata harufu ya moshi hadi jikoni. Kabla ya hapo waokoaji hugonga zege kwa nyundo au kupaza sauti, kisha hunyamaza wakingoja jibu. Zege na vyuma hubeba mgongo wa kifundo cha kidole mbali kuliko hewa inavyobeba kilio. Ndiyo maana aliyefunikwa hushauriwa kugonga bomba au ukuta badala ya kumaliza pumzi kwa mayowe.

Mahali panapodhaniwa kuwa na mtu huingizwa kamera ndogo iliyofungwa kwenye ncha ya mti mrefu unaorefushwa, yenye taa, kinasa sauti na kipaza sauti. Kwa kifaa hicho mwokoaji humwona aliyenaswa, humsemesha, humuuliza amebanwa wapi na kama kuna wengine karibu. Mazungumzo hayo ni simu kwa maana yake ya asili kabisa: mtu mmoja akimwita mwingine asiyemfikia kwa mkono.

Hata hivyo, vifaa hivyo vina upungufu. Aliyezirai hagongi wala haiti. Kwa ajili ya huyo hutumiwa mbwa wenye mafunzo ya kunusa, na katika miaka ya karibuni rada zinazotambua kupanda na kushuka kwa kifua. Baada ya tetemeko la ardhi nchini Nepal mwaka wa 2015, rada ya aina hiyo ilisaidia kuwapata watu wanne chini ya vifusi.

Maisha ya Bell yana upande mwingine ambao haufai kufichwa. Aliamini kwamba viziwi wafundishwe kutamka na kusoma midomo, akapinga matumizi ya lugha ya ishara shuleni. Katika andiko la mwaka wa 1883 alionya dhidi ya viziwi kuoana wenyewe kwa wenyewe. Ushawishi wake uliwanyima watoto wengi lugha waliyoielewa, na jamii nyingi za viziwi hazijamsamehe. Historia imeegemea upande wao: Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, kwa mfano, imeitambua Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

Lakini Bell huyohuyo ndiye aliyeielekeza familia ya Helen Keller, msichana asiyeona wala kusikia, kwa shule ya Perkins iliyompatia mwalimu Anne Sullivan mwaka wa 1887. Keller alibaki rafiki yake hadi mwisho.

Miaka yake ya baadaye aliitumia zaidi Baddeck, Nova Scotia, nchini Canada. Huko alichunguza tiara kubwa, ndege na mashua. Mnamo Februari 23, 1909, ndege iliyoundwa na kundi lake iliruka juu ya barafu ya ziwa, ikawa ya kwanza yenye injini kuruka nchini Canada. Mwaka wa 1919 mashua yake ya HD-4 iliweka rekodi ya kasi majini, zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Aidha, aliwahi kuwa rais wa chama cha National Geographic.

Alifariki huko Baddeck mnamo Agosti 2, 1922, akiwa na umri wa miaka 75, kutokana na matatizo yaliyoletwa na kisukari. Mabel alimfuata baada ya miezi mitano. Wakati wa mazishi yake, Agosti 4, huduma za simu kote Marekani na Canada zilisimamishwa kwa dakika moja. Mamilioni ya simu zilinyamaza kwa pamoja kwa heshima ya mtu aliyezipa sauti.

Katika mkasa wa jengo lililoporomoka, ukimya wa dakika moja huwa na thamani kubwa zaidi, kwa kuwa ndani yake mlio wa kucha juu ya zege huweza kuamua nani atakayeishi. Umati unaokaidi amri ya kunyamaza huizima sauti hiyo sawasawa na vyuma vilivyo chini ya kitanda cha mgonjwa.

Na hata ukimya ukipatikana, kifaa hutambua tu pale kinapowekwa. Msako ukifungiwa upande mmoja kwa sababu mkubwa fulani ameshaamua kwamba huko ndiko kwenye watu, walio upande wa pili wataendelea kugonga bila wa kuwasikia. Garfield aliishi kwa siku 79 baada ya kupigwa risasi, na katika siku hizo zote hakuna aliyeusogeza mtambo wa Bell upande wa kushoto wa mwili wake.